Bakhita, Maana Yake Mwenye Bahati

Kila tarehe 8 Februari Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, na tangu mwaka 2015 siku hiyo imekuwa pia siku ya sala kwa ajili ya watu wanaouzwa na kununuliwa duniani. Katika parokia zetu wamo wasichana waliobatizwa kwa jina lake. Wazazi wao wakiulizwa maana ya jina hilo, hujibu upesi kwamba maana yake ni "mwenye bahati". Jibu hilo ni la kweli. Neno lenyewe ni la Kiarabu, nalo latoka katika shina lile lile lililoipatia lugha yetu neno "bahati", hata sikio la msemaji wa Kiswahili halihitaji mkalimani. Lakini liko swali la pili ambalo huulizwa mara chache: ni nani aliyempa jina hilo, na bahati yenyewe ilikuwa ya nani?

Twaona vema kulizungumza swali hili, kwa maana si swali la lugha tu, bali ni swali la haki, nalo laingia hata majumbani mwetu. Mtakatifu ambaye twachukua jina lake twamwita somo. Neno hilo lina maana mbili: somo ni mtu mnayeshirikiana naye jina, tena somo ni fundisho. Basi anayechukua jina la mtakatifu asijali kujua jinsi mtakatifu huyo alivyolipata na alivyolichukua, amepata somo wa jina tu, hajapata somo la maisha.

Bakhita hakuzaliwa akiitwa Bakhita. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, magharibi mwa Sudan, katika kabila la Wadaju, na bila shaka wazazi wake walimpa jina kama wazazi wote wafanyavyo. Dada yake mkubwa aliibwa na wafanya biashara ya watumwa. Kisha, karibu na mwaka 1877, akaibwa na yeye, naye alikuwa bado mtoto mdogo. Akatembezwa kwa miguu safari ndefu, akauzwa, akauzwa tena. Kwa hofu kuu iliyompata, jina alilopewa na wazazi wake lilimtoka akilini, wala halikumrudia tena mpaka kufa kwake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita. Katika mji wa El Obeid akawa mali ya afisa wa jeshi la Kituruki, na huko michoro 114 ilichanjwa mwilini mwake kwa wembe, vidonda vikasuguliwa chumvi ili alama zisifutike. Mtoto aliyetendewa mambo hayo ndiye aliyeitwa Mwenye Bahati.

Wala tusidhani kwamba desturi hiyo ilikuwa ya Sudan peke yake. Katika pwani yetu pia mtumwa aliyefikishwa sokoni au nyumbani kwa bwana wake alivuliwa jina la kwao akavikwa jingine, na mara nyingi lilikuwa jina zuri la kupendeza: Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi. Mtu aliyewaongoza Wazungu wengi katika safari zao za bara, ambaye vitabu vyamtaja kuwa Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akavushwa bahari hata India. Mubarak maana yake ni mbarikiwa, na Bombay ni mji wa huko alikopelekwa. Alifariki mwaka 1885, na ulimwengu wamkumbuka kwa neno la baraka na kwa jina la mji wa ugenini.

Kwa nini mtu amwite mtumwa wake Bahati, au Baraka, au Almasi? Hatuwezi kuisoma mioyo ya watu waliokwisha kufa. Walakini jambo moja ni dhahiri. Mwenye jahazi hulipa jahazi lake jina la heri, wala hafanyi hivyo kwa kukitakia heri chombo. Ajitakia heri yeye mwenyewe kwa njia ya chombo. Ndivyo ilivyo kwa mwenye mtumwa. Bahati iliyotajwa katika jina la Bakhita ilikuwa bahati ya muuzaji aliyepata mali bila jasho, na bahati ya mnunuzi aliyepata mikono ya kumtumikia. Msichana mwenyewe alilibeba jina hilo kama vile mpagazi abebavyo mzigo wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya jina lake, nayo ni maana mbaya, na haifai kuifunika kwa maua.

Maana ya pili ni ngumu zaidi kuipambanua, kwa sababu inafanana sana na wema. Mwaka 1883, huko Khartoum, Bakhita alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani. Kwake hakupigwa. Vita vya Mahdi vilipoukaribia mji, balozi alirudi kwao, na Bakhita akaomba aende naye. Mwaka 1885 walifika Italia, na huko akatolewa kwa jamaa ya Michieli, waliokaa karibu na mji wa Venice. Akawa yaya wa binti yao mdogo. Alikula, alivaa, alilala pasipo hofu ya mjeledi. Jirani yeyote aliyemwona angeweza kusema: sasa jina limetimia, kweli huyu ana bahati.

Hata hivyo tazama lililofuata. Mwaka 1888 Bibi Michieli alikuwa na safari ya kwenda Suakin, katika pwani ya Bahari ya Shamu, ambako mumewe alikuwa na hoteli. Akawaacha binti yake na Bakhita kwa Masista wa Canossa mjini Venice. Huko Bakhita akafundishwa dini. Bibi aliporudi kuwachukua, Bakhita alikataa kuondoka. Bibi alishikilia kwamba msichana yule ni wake. Shauri likafika mbele ya wakubwa wa serikali na wa Kanisa, na tarehe 29 Novemba 1889 likakatwa: sheria ya Italia haikutambua utumwa, kwa hiyo Bakhita hakuwa mtumwa wa mtu, naye alikuwa huru kwenda atakako.

Yafaa tuyatafakari maneno ya hukumu hiyo. Haikusema kwamba bibi yule alikuwa mkatili. Wala haikupima chakula alichompa wala nguo alizomvika. Ilisema tu kwamba binadamu si mali. Maana yake, mtu aweza kulishwa vizuri na kusemeshwa kwa upole, na huku amenyimwa jambo lililo lake kwa asili, yaani nafsi yake. Upole wa bwana haugeuzi utumwa kuwa uhuru. Na bwana mpole akisema, "Huyu ana bahati kuwa nami," asema neno lile lile walilosema waliomteka, ijapokuwa kwa sauti laini zaidi.

Tarehe 9 Januari 1890 Bakhita alibatizwa, akaitwa Yosefina Margareta Fortunata. Hapa tufungue macho, kwa maana kila moja la majina hayo lina habari yake. Fortunata ni neno la Kilatini, na maana yake ni ile ile ya Bakhita: mwenye bahati. Margareta latoka katika neno la Kiyunani, na maana yake ni lulu. Nasi twakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya mfanya biashara aliyeiona lulu moja ya thamani kubwa, akaenda akauza vyote alivyokuwa navyo ili aipate. Msichana huyo alikuwa ameuzwa mara nyingi kwa fedha. Sasa akapewa jina la kitu ambacho kwa ajili yake mnunuzi ndiye anayejitoa vyote. Na Yosefina ni jina la Mtakatifu Yosefu, mume wa Bikira Maria, ambaye naye alichukua jina la Yosefu wa kale, mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha, akapelekwa Misri utumwani, na huko akapewa na Farao jina lingine la kigeni. Hatusemi kwamba waliombatiza walikusudia hayo yote. Twasema tu kwamba majina hayo yanamstahili kuliko mtu yeyote angeweza kupanga.

Lakini kuna tofauti iliyo kubwa kuliko maana za maneno. Jina Bakhita alitupiwa, kama vile ng'ombe atiwavyo chapa. Jina Fortunata alilipokea akiwa mtu mzima, huru mbele ya sheria, aliyeulizwa kanisani kama ataka kubatizwa, naye akajibu kwa kinywa chake kwamba ataka. Neno ni moja, bahati ni bahati. Tofauti i katika swali: mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza, mara ya pili aliulizwa. Na hata baada ya hapo hakulitupa jina la zamani. Alipoweka nadhiri zake mwaka 1896, na miaka yote aliyokaa katika mji wa Schio tangu 1902, akiwa mpishi, mtunza sakristia na mlinzi wa mlango, aliendelea kuitwa Bakhita. Wenyeji wa Schio walimwongezea na jina la mapenzi, Moretta, yaani "mweusi mdogo". Naye Mungu alikuwa akimwita kwa neno la Kivenezia "Paron", ambalo kwa lugha yetu ni Bwana. Sisi tusemao Kiswahili twaweza kuliona jambo hilo kuliko wengine, kwa sababu neno letu "bwana" ni hilo hilo lililotumika kwa mwenye watumwa, nasi twalitumia kila siku kwa Mwokozi wetu. Bakhita alikuwa amewajua mabwana wengi. Alipomkuta Bwana ambaye mwenyewe alipigwa mijeledi, neno likapata maana mpya kinywani mwake.

Sasa twafika penye fundo la jambo lenyewe. Yasimuliwa kwamba Bakhita alisema kuwa, kama angekutana na wale waliomteka na wale waliomtesa, angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa pasipo mambo hayo hangekuwa Mkristo wala mtawa. Wasomaji wengi wakisikia hayo hustaajabu, na wengine huona uchungu. Je, mtakatifu ahesabia haki utumwa? Je, mtekaji aweza kusema, "Mwaona, nilimletea bahati kweli"?

La hasha! Tukumbuke alivyosema Yosefu mwana wa Yakobo alipowasamehe ndugu zake. Hakusema kwamba walitenda mema. Alisema kwamba wao waliwaza mabaya, na Mungu akayageuza kuwa mema. Mambo hayo ni mawili, wala la pili halilifuti la kwanza. Mabaya yalibaki kuwa mabaya. Aliyeyageuza ni Mungu, wala sifa ya kugeuza haiwaendei waliouza. Tena tuangalie ni nani aliyesema maneno yale ya kusamehe. Ni yule aliyetumbukizwa shimoni, si mmoja wa wale waliomtumbukiza. Kama Yuda na ndugu zake wangemjia Yosefu na kumwambia, "Ndugu yetu, ulivyobahatika kuuzwa!", lingekuwa tusi la pili juu ya dhambi ya kwanza.

Basi hapa ndipo tuonapo kanuni ambayo twapenda wasomaji wetu waishike. Neno "nilikuwa na bahati" lina haki kinywani mwa aliyeteswa. Yeye aweza kulisema akiisha kupita katika moto, naye akilisema, ni shukrani kwa Mungu na ni msamaha kwa watu. Neno hilo hilo kinywani mwa aliyemtesa, au aliyefaidika na mateso yake, ni uongo, hata kama mambo yenyewe yalikuja kuishia vema. Maana za jina hazikai katika kamusi tu. Hukaa pia katika kinywa kinachotamka, na katika mkono ulioshika nini wakati kinywa kikitamka.

Wala tusidhani kwamba msamaha wa Bakhita ulifuta jeraha. Katika ugonjwa wake wa mwisho, kabla ya kufariki tarehe 8 Februari 1947, akili yake ilirudi mara kwa mara katika siku za utumwa, akamwomba aliyemwuguza amlegezee minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito. Karibu miaka sabini ilikuwa imepita tangu siku ile ya Darfur. Mtu aliyesamehe kabisa alikuwa bado akiusikia uzito wa chuma miguuni. Wanaosema kwamba yaliyopita yamepita, na wausikie mnyororo huo.

Kanisa lilimtangaza Bakhita kuwa Mwenye Heri tarehe 17 Mei 1992, kisha kuwa Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Kwa Kiswahili twapata hapa maana nyingine ya jina lake ambayo lugha nyingi haziisikii vizuri hivi. Bahati ni jambo limwangukialo mtu kama mvua. Laweza kumfikia mwema na mbaya, na kesho likamwacha. Heri ni jambo jingine. Katika mahubiri ya mlimani Bwana wetu aliwaita wenye heri watu ambao dunia isingethubutu kuwaita wenye bahati: maskini, wenye huzuni, wenye njaa ya haki, wanaoudhiwa. Je, yeye alikuwa na haki ya kusema hivyo, ilhali tumesema kwamba asiyeteswa asimwite aliyeteswa mwenye bahati? Naam, alikuwa nayo haki hiyo kuliko wote, kwa kuwa yeye naye aliuzwa, kwa vipande thelathini vya fedha, akafungwa, akapigwa, akavuliwa nguo mbele za watu. Hakuwaita wenye heri akiwa ameketi kivulini na wao wakiwa juani. Kutoka Mwenye Bahati mpaka Mwenye Heri ni safari ambayo hakuna awezaye kumsafirisha mwenziwe kwa nguvu, na Kristo mwenyewe huwaongoza watu humo kwa kuwatangulia.

Tumesema mwanzoni kwamba swali hili laingia majumbani mwetu. Liingie sasa. Watumwa hawauzwi tena hadharani; soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Lakini ulimi wa mtekaji haukufungwa na sheria hizo. Hata leo hufika kijijini mtu aliyevaa vizuri, akaketi na wazazi, akawaambia: "Binti yenu ana bahati. Nimempatia kazi mjini. Nimempatia kazi ng'ambo." Neno analotumia ni lile lile. Wazazi wauliziwapo binti kwa neno hilo, na waulize: bahati ya nani? Atalala wapi? Atalipwa nini, na mkononi mwa nani? Hati zake za safari atazishika nani? Akitaka kurudi, njia i wazi? Mtu mwenye nia njema hachukizwi na maswali hayo.

Na sisi tunaokaa mijini tujitazame vilevile. Hatusemi kwamba kila msichana wa kazi ni mtumwa. Kazi ya nyumbani ni kazi ya heshima. Bakhita mwenyewe alipika na kulinda mlango kwa miaka mingi, tena kwa furaha, kwa kuwa aliichagua. Lakini ziko nyumba za Wakristo ambamo binti wa watu huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, hula peke yake jikoni, hajui mshahara wake ni kiasi gani kwa kuwa "unatunzwa", na Jumapili hubaki kulinda nyumba wengine waendapo Misa. Pengine hata jina lake la kwao halijulikani. Amepewa jingine lililo rahisi kutamka. Na mgeni akiuliza habari zake, huambiwa: "Huyu ana bahati kuja kwetu. Kwao kuna shida kubwa." Huenda shida za kwao ni za kweli, na chakula cha hapa ni kingi kuliko cha kule. Walakini tumekwisha kuona kwamba hilo silo swali. Bibi Michieli naye alikuwa na chakula kingi.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, mkimpa binti yenu jina la Bakhita, mmetenda vema, kwa maana ni jina kubwa. Mfundisheni maana zake zote. Mwambieni kwamba hapo kwanza lilikuwa jina la kuibiwa, kwamba mwenye jina alilipokea upya kwa hiari yake kwenye kisima cha ubatizo, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kusema kuwa limetimia. Kisha, kabla ya kuadhimisha sikukuu ya somo wake mezani, tazameni kama yuko nyumbani mwenu binti mwingine asiyeketi mezani hapo. Mwulizeni jina alilopewa na mama yake, mkamwite kwa jina hilo. Mlipeni ujira wake mkononi mwake. Mpeni Jumapili yake, na njia ya kwenda kwao iwe wazi. Mkiisha kufanya hayo, acheni yeye mwenyewe aseme kama ana bahati au hana.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.